Euro 58,799: Bima ya Leseni ya Rubani Mmoja

Ripoti ya BEA, idara ya Ufaransa inayochunguza ajali za ndege, kuhusu safari ya Germanwings 9525 ilitoka Machi 2016. Wengi waliisoma wakitafuta habari za mlango wa chumba cha marubani uliofungwa kwa ndani. Ndani yake kuna sehemu nyingine ambayo kila rubani anayelipwa mshahara angepaswa kuisoma kwa kalamu mkononi, nayo ni ile inayoeleza bima ya rubani msaidizi.

Tarehe 24 Machi 2015, Airbus A320 iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf iliangushwa kwa makusudi kwenye milima ya Alps. Watu 150 walikufa. Rubani msaidizi aliyeiangusha alikuwa na miaka 27. Aliwahi kuugua sonona akiwa bado mwanafunzi, na tangu 2009 cheti chake cha afya kilikuwa na sharti maalumu: ugonjwa ukirudi, cheti kinakufa.

Sasa tazama hesabu. Kulipia sehemu yake ya ada ya mafunzo, euro 60,000, alikopa takriban euro 41,000. Mwajiri alikuwa amemkatia bima ya kupoteza leseni, ambayo ingemlipa euro 58,799 mara moja tu endapo angeondolewa angani moja kwa moja. Toa mkopo wote kama ulivyochukuliwa: zinabaki kama euro 17,800. Kijana wa miaka 27 ana miaka 38 mbele yake kabla ya kufika 65, umri wa mwisho ambao kanuni za kimataifa zinamruhusu rubani wa mashirika ya ndege kurusha abiria. Kwa miaka 38 hiyo, fedha hizo ni nauli ya kurudi nyumbani tu.

Alilijua hilo. Desemba 2014 aliandika kwenye barua pepe kwamba lile sharti kwenye cheti lilikuwa linamkwamisha kupata bima ya nyongeza. Ni jambo la kawaida kabisa katika biashara ya bima: kampuni husoma faili lako la afya kabla ya kusaini, na ikikuta doa, ama inakukataa, ama inapandisha ada, ama inaandika kwamba ugonjwa huo haumo. Yule aliyeihitaji zaidi ndiye aliyefungiwa mlango.

Sisemi bima ingewaokoa watu wale, na hakuna hesabu inayoweza kuwa udhuru wa alichokifanya. Lakini BEA yenyewe, ilipotaja mambo ambayo huenda yalichangia yeye kutojitangaza kuwa mgonjwa, iliweka humo hofu ya kupoteza kazi na pengo la bima ya kipato. Ikapendekeza mashirika ya ndege yapunguze mzigo huo kwa marubani wanaopoteza leseni kwa sababu za afya. Naliona hilo kuwa pendekezo zito, kwa sababu linagusa mfuko wa mtu na si adabu yake peke yake.

Tuje kwetu. Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe zinafuata viwango vilevile vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Rubani wa shirika la ndege hupimwa daraja la kwanza kila miezi 12, na akivuka miaka 60 ni kila miezi sita. Akishapita 50, kipimo cha umeme wa moyo ni cha kila mwaka. Kila anapoingia chumba cha daktari wa anga, kuna uwezekano wa kutoka na mstari mmoja mpya kwenye faili, na ni mstari huo ambao kampuni ya bima itauuliza.

Wengi huchanganya bima mbili, ya afya na ya leseni. Chukua kijiwe cha figo, ugonjwa ambao watu wengi wa nchi za joto wanaujua. Rubani anashikwa na maumivu ya ubavu saa nane za usiku, anakimbizwa hospitali, ultrasaundi inaonyesha kijiwe cha milimita 6. Bima ya afya inalipa kitanda, vipimo na kuvunjwa kwa kijiwe. Kazi yake imeishia hapo. Daktari wa anga hatamrudisha kazini mpaka aridhike kwamba hakuna kilichobaki, maana maumivu yale yakimkuta angani hataweza kushika usukani. Tuseme hilo linachukua miezi minne. Posho za safari zimekatika tangu siku ya kwanza. Kama bima yake ya leseni ina kipindi cha kusubiri cha siku 90, atalipwa mwezi mmoja. Kama ni ya mkupuo tu, ile inayolipa pale leseni inapopotea kabisa, hapati hata senti.

Kwa hiyo ukikaa na dalali wa bima, usianze na ukubwa wa fidia. Anza kwa kuuliza nani anaamua kwamba umepoteza leseni "kwa kudumu": mamlaka ya anga iliyokunyima cheti, au daktari wa kampuni ya bima? Ipo mikataba ambayo mamlaka inakukataa lakini daktari wao anasema subiri mwaka mwingine. Kisha tafuta kifungu cha afya ya akili. Baadhi ya mikataba inakitoa kabisa, mingine inakiwekea kikomo kidogo, na baada ya Germanwings mimi nisingesaini mkataba unaokiacha nje kama kuna mwingine unaokiingiza. Angalia pia fidia inavyoshuka kadiri umri unavyopanda, na kama italipwa kwa dola au kwa shilingi ile uliyokopea nyumba.

Bima ya mwajiri ni nzuri, lakini kwa kawaida hufa siku mkataba wa kazi unapokufa. Ukipunguzwa kazini ukiwa na miaka 48 na shinikizo la damu tayari limeandikwa, utaingia sokoni kama mgeni mwenye doa.

Na usifiche. Kuna marubani wanaolipa hospitali taslimu ili jina lao lisionekane kwenye madai ya bima ya afya. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu kamili. Ukigundulika umenyamazia ugonjwa, kampuni ina haki ya kuufuta, na utakuwa umelipa ada miaka yote bure.

Rubani kijana unayesoma haya huku mkopo wa chuo ukiwa bado mzito: kama cheti chako leo hakina hata mstari mmoja wa masharti, omba bima yako binafsi kabla ya kipimo kijacho.