Kamba Isiyochorwa: Mstari na Uwazi katika Rasimu ya Zinga

Rasimu ninayoisoma hapa imechorwa kwa mkaa, haina saini wala tarehe, na inatoka Zinga, kwenye pwani ya Bagamoyo. Inamwonyesha mwanamume aliyeelekea baharini, mwili ukiwa umelala nyuma, akivuta ngalawa kuipandisha ufukweni. Ngalawa yenyewe haimo, na kamba haimo. Kichwa ni tao moja tu linaloanzia kisogoni na kukatika kwenye paji la uso. Kilichochorwa kwa ukamilifu ni mgongo, bega la kulia, ngumi mbili, goti la kushoto na kisigino chake kilichozama mchangani.

Tuanze na mgongo, kwa kuwa ndio unaoufundisha mchoro mzima namna ya kusomwa. Mstari wake unatoka shingoni ukiwa mwembamba, unanenepa kiunoni, unafifia pajani, kisha unarudi kwa weusi mzito kisiginoni, mahali ambapo mkaa umekandamizwa hata chembe zake zikameguka. Unene huo haufuati mwanga. Hakuna kivuli hata kimoja kilichotiwa, ingawa jua la ufukwe ule lingempa mchoraji kila kishawishi cha kufanya hivyo. Unafuata uzito. Penye kazi ya misuli mstari umekolea, na penye utulivu umepungua au umekoma, kwa hiyo tunachosoma ni mgawanyo wa nguvu mwilini kabla ya kuwa umbo la mtu.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza uwazi mkubwa ulio mbele ya ngumi, unaochukua karibu theluthi ya karatasi. Ngumi zimepangwa moja nyuma ya nyingine katika mshazari mdogo, na jicho likiufuata mshazari huo linafika ukingoni mwa karatasi likiwa limekwisha kuinyoosha kamba. Huu nauita uwazi-kazi: weupe uliobebeshwa wajibu na mistari inayopakana nao. Mguu wa kulia, kinyume chake, umekatika chini ya goti bila mstari wowote wa jirani kuupa mkato huo sababu. Pale tuna uwazi-baki, nafasi ambayo mkono haukuifikia. Mhakiki anayeusifu weupe wote kwa kauli moja huyapoteza mafanikio ya kwanza kwa kuyachanganya na upungufu wa pili.

Huenda ikahojiwa kwamba mchoraji alikatizwa tu. Goti la kushoto linajibu. Limechorwa mara tatu, na mstari wa mwisho, mweusi kuliko mingine, umepita juu ya miwili iliyotangulia na kulisogeza goti nje kidogo ili libebe mwegemeo wa kiwiliwili. Aliyepata nafasi ya kulirudia goti alikuwa na nafasi ya kutia jicho au mdomo, naye akachagua goti. Hapa karatasi inatupa ushahidi ambao mwamba hautupi. Katika michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, tunakutana pia na watu wembamba wasio na macho wala midomo. Lakini jua na mvua vimefuta mengi kule, na msomaji hana budi kujiuliza kila mara kama uwazi ni wa mchoraji au ni wa miaka.

Mchongaji wa Kimakonde wa mtindo wa mawingu huulipia uwazi wake kwa jasho, kwa kuwa kila tundu ni mpingo uliochimbwa ukaondolewa. Kwenye karatasi weupe hupatikana bure, na kwa hiyo ni rahisi kuutumia ovyo. Ubora wa rasimu hii ni kwamba imeupa weupe gharama: kamba ikiongezwa leo, mvutano utageuka kuwa kifaa kinachoonekana, uso ukiongezwa, kitovu cha mchoro kitahama kutoka kisiginoni hadi machoni, na mgongo utabaki kuwa nyongeza. Mguu wa kulia peke yake ungefaidika na mstari mmoja zaidi. Kwa kipimo hicho, mchoro huu umekosa unyayo, na haujakosa kitu kingine.