Fimbo ya Jua Katika Banda la Useremala

Kwenye bati la banda langu hapa Kabanga kuna tundu la msumari ambalo niliahidi kuliziba kabla ya mvua. Wakati wa kiangazi, kuanzia saa nane mchana, jua hupenya pale na kushuka kama fimbo nyembamba hadi kwenye meza ya kazi. Siku moja ya mwezi wa saba nilizima mashine ya msasa, nikavuta kigoda, nikawa nakunywa maji huku nikiitazama ile fimbo. Ilikuwa imejaa unga wa mninga, unapanda na kushuka taratibu bila kufika chini. Nikamaliza maji, nikapokea simu ya mteja aliyekuwa anaulizia kitanda chake, nikala muhogo wa kuchemsha. Fimbo bado imejaa. Mashine ilikuwa kimya kwa karibu saa nzima, na mimi nimekaa humo humo, barakoa imening'inia shingoni, nikiamini kazi imekwisha.

Nasema Kabanga ya Kasulu, yenye hospitali ya misheni na chuo cha ualimu. Ile ya Ngara inayotajwa kwa nikeli ni nyingine. Huku useremala wa nyumbani ni kazi ya kila mtaa: banda la bati nyuma ya nyumba, mbao za mninga au mkongo kutoka kwenye miombo, msindano na mlingoti kwa kazi za bei nafuu, na kijana mmoja au wawili wanaojifunza. Wazee waliotufundisha walifanya kazi katika mabanda madogo kuliko yetu, wakafagia jioni kwa fagio la kawaida, na wengi wao walizeeka na pumzi zao. Kwa hiyo tuliporithi banda tulirithi na ufagio, bila kujiuliza kama uchafu wenyewe ni ule ule.

Sio ule ule, na hapa ndipo uchambuzi wangu unapoanzia. Randa ya mkono hutoa maranda, yale magamba marefu yanayojikunja na kuanguka miguuni. Msumeno wa mkono hutoa punje nzito; ukiutazama utaona zinajipanga kama mchanga chini ya ubao. Vyote viwili havikai hewani. Mashine ya msasa haichongi, inasaga, na unga wake ni mwembamba kiasi kwamba ukiupuliza hauendi mbali, unaelea tu. Gridi ya Taifa ilipofika Kasulu mwaka 2022 na majenereta yakazimwa, mashine ziliingia kwenye mabanda ya nyumbani kwa kasi. Ninazipenda. Kabati lililonichukua wiki mbili sasa nalimaliza kwa siku tano. Ila tulibadilisha chombo tukabaki na tabia za kusafisha zilizotungwa kwa ajili ya randa.

Madhara ya unga huu yameandikwa zamani. Miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo huko High Wycombe, Uingereza, mji wa watengeneza viti, aliona saratani ya pua inawapata maseremala kupita watu wengine. Jina lake Esther Hadfield. Yeye na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1968, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwetu pia limeangaliwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi wa karakana ndogo za mbao Tanzania ulikuta kikohozi na matatizo ya kupumua ni mengi zaidi kwao kuliko kwa watu wasiokaa kwenye vumbi hilo. Saratani huchukua miaka mingi kujitokeza. Pumu na mafua yasiyoisha hayangoji hivyo. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na aliyewahi kupiga msasa mninga mkavu bila kujikinga anajua unavyokera pua.

Basi nikafanya kipimo. Nilichukua vifuniko vinne vyeusi vya ndoo, nikavipangusa kwa kitambaa chenye maji. Kimoja nikakiweka kwenye meza ya kazi, cha pili kwenye rafu ya misumari ukutani, cha tatu kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, na cha nne kwenye dirisha la chumba wanacholala watoto. Nikapiga msasa milango miwili ya kabati, asubuhi nzima, kama siku yoyote. Saa saba nikavikagua. Cha mezani kilikuwa na vumbi, lakini cha ukutani kilikuwa nalo zaidi, maana pale hewa inazunguka bila kutoka. Cha jikoni kilikuwa kimefifia. Kile cha dirisha la watoto nilikigusa kwa kidole, nikaandika herufi ya kwanza ya jina la binti yangu. Ikasomeka.

Sababu yake ilikuwa mbele ya macho siku zote. Banda nililijenga upande wa mashariki wa nyumba kwa ajili ya kivuli cha mwembe, na upepo wetu wa kiangazi unatoka huko huko mashariki. Kila nilichosaga kilipita mlangoni kikaelekea nyumbani. Nilikuwa nafagia sakafu kila jioni kwa bidii, na mke wangu anafuta meza ya chakula kila asubuhi kwa bidii, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza upepo unatoka wapi.

Marekebisho yalianza kwa kuhamisha kazi moja tu. Msasa wa mashine niliutoa bandani nikaupeleka magharibi ya nyumba, chini ya kibanda cha nguzo nne za mlingoti na bati tatu, kisicho na ukuta wowote. Pale upepo unatoka nyumbani kwenda shambani. Nasimama ubavu kwa upepo, sio mgongo. Ukiupa upepo mgongo, hewa inakatika mbele ya kifua chako na vumbi linarudi usoni. Nimelitazama kwenye jua, linazunguka kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Ukisimama ubavu linapita mbele yako na kuondoka. Kwa kazi zilizobaki ndani, nilikata dirisha la ubavuni, lisiloelekea nyumba, nikaweka feni inayosukuma hewa nje, mlango ukiwa wazi. Zamani feni hiyo ilikuwa inanipuliza mimi kwa sababu ya joto, yaani ilikuwa inakoroga vumbi banda zima.

Halafu fagio. Ukifagia banda likiwa kavu, unaurudisha hewani ule unga uliokwisha kutua, na unafanya hivyo jioni wakati umeshavua barakoa. Sasa tunachukua maranda ya siku hiyo, tunayanyunyizia maji hadi yawe na unyevu wa kushikana kidogo, tunayamwaga upande mmoja na kuyasukuma polepole hadi mlangoni. Yanabeba unga kama unga wa ugali unavyoshika kwenye mwiko wenye maji. Kabla ya maji, plagi zote zinachomolewa. Rafu na kenchi zinapanguswa kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi. Kupuliza vumbi kwa kompresa nimekataza kabisa.

Kuhusu barakoa niseme kwa ufupi. Ile ya kitambaa, na ile ya hospitali inayoacha nafasi mashavuni, hazizuii unga mwembamba. Inayofaa ni ya N95 au FFP2 iliyobana pua vizuri, na haisaidii ukiivua mara mashine inapozimwa. Koti la kazi linabaki kwenye msumari nje ya banda. Haliingii ndani hata siku ya baridi, maana mtoto akikukumbatia umelivaa, umempa sehemu yako.

Taka nazo zina uchaguzi wake. Maranda ya msindano safi yanakwenda kwenye banda la kuku. Ya mninga, mkongo na mvule siyapeleki huko. Pumba za mbao zinashindiliwa kwenye jiko la kopo, lile lenye tundu katikati, na linapika maharage vizuri. Ila kuna kitu kimoja naomba kila fundi akikatae: vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa yake ina shaba, kromi na aseniki. Ukizipasua unavuta sumu, ukizichoma sumu inabaki kwenye majivu, na majivu hayo tunayamwaga kwenye mboga. Nimeletewa mara mbili, mbao nzuri iliyonyooka na bei ya kutupa. Nimezirudisha.

Vumbi ni adui wa polepole. Mwaka jana niliona adui wa haraka. Umeme ulikatika kijana anayejifunza kwangu akiwa anapasua ubao kwenye mashine ya msumeno. Akasubiri, akachoka, akaanza kuondoa kipande kilichokwama kwenye meno. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Nilipiga kelele, akavuta mkono, na kabla hajamaliza kuniuliza, "Kuna nini, mzee?" umeme ukarudi na mashine ikanguruma. Vidole vyake vilikuwa umbali wa shibiri moja. Nilikaa chini, miguu ilikuwa haina nguvu. Kasoro ilikuwa yangu, kwa sababu sikuwahi kumfundisha. Tangu hapo sheria ni moja: umeme ukikatika, mkono wa kwanza unakwenda kwenye swichi, wa pili kwenye plagi, ndipo mtu aguse ubao. Baadaye niliweka swichi ya sumaku, ambayo hujizima umeme ukipotea na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Kama una fedha ya kifaa kimoja tu mwaka huu, nunua hiyo kabla ya mashine mpya.

Grinda iliyofungwa diski ya meno ya kukatia mbao nimeitoa bandani. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na wengi wetu tunavua kinga yake ili diski kubwa iingie. Meno yakinasa kwenye ubao, grinda inaruka kuelekea kwa aliyeishika, tumboni au shingoni, na zilizo nyingi zinaendelea kuzunguka hata zikitoka mkononi. Mafundi wenzangu wananiambia wameitumia miaka mingi. Siwabishii miaka yao, ila kijana wa watu aliye chini yangu sitamkabidhi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilitungwa kumlinda mfanyakazi, na kwa maoni yangu banda la nyumbani lenye kijana mmoja ni mahali pa kazi kamili.

Vanishi na thina zimehamia kwenye sanduku la chuma mbali na jiko. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni na kuufuata moto ulipo, hata kama kopo liko mita kadhaa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani havikunjwi na kutupwa pembeni, kwa kuwa mafuta yakikauka yanatoa joto na bunda linaweza kuwaka lenyewe usiku. Tunavitandaza kwenye kamba ya nje, kimoja kimoja. Na misumari iliyoanguka inaokotwa na sumaku ya spika ya redio iliyokufa, niliyoifunga kwenye fimbo. Watoto wanaigombania kazi hiyo, nami nawaachia, mashine zikiwa zimechomolewa.

Lililonishinda bado ni msimu wa mvua. Novemba hadi Mei kibanda cha magharibi kinalowa, upepo unabadilika badilika, na wateja hawasubiri. Mwaka huu nimepanga kazi za msasa ziishie Oktoba kadiri inavyowezekana, na zitakazobaki zipigwe kwa mkono, kwa msasa wenye maji pale rangi inaporuhusu. Ni polepole na wateja wawili wamelalamika.

Lile tundu la batini sijaliziba. Jana nilimaliza mlango mmoja kule magharibi, nikarudi bandani, nikakaa kwenye kigoda. Fimbo ya jua ilikuwa na punje chache, nikaweza kuona ukuta upande wa pili. Mvua zikianza nitaweka ndoo chini yake.