Ufundi wa Beki: Miaka ya Musa Otieno

Musa Otieno alizaliwa Nairobi Desemba 1973, akaivaa jezi ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, mara ya kwanza mwaka 1993, na akaendelea kuivaa hadi 2009. Kwa miaka mingi kati ya hiyo alikuwa beki wa kati na nahodha. Wakenya waliolitumikia taifa uwanjani kwa muda kama huo ni wa kuhesabika, na kazi aliyoifanya ni ya aina ambayo ikifanywa vizuri haimpi mtazamaji la kusimulia. Mfungaji ana bao lake. Beki ana hatari iliyozimwa kabla haijawa hatari, na hiyo haimo katika vipande vya sekunde 30 ambavyo kijana wa leo huviangalia kwenye simu na kudhani ameiona mechi nzima.

Ubeki wa kati ni ufundi wa kusimama mahali pake. Mwanagenzi humtazama mshambuliaji miguu, naye huhadaika na chenga. Beki aliyeiva huutazama mpira. Mwili wake hauelekezi mbele wote. Huuweka upande upande, mguu mmoja nyuma ya mwingine, ili adui abakiwe na njia moja tu, ile inayokwenda kwenye mstari wa pembeni ambako hana la kufanya. Haendi chini upesi, kwa sababu beki aliyelala nyasini amejitoa mchezoni mwenyewe. Hukawiza. Hurudi nyuma hatua kwa hatua, akimnyima mpinzani nafasi ya kuinua kichwa, mpaka wenzake wafike. Jicho lake haliachi kuipima safu yake, kama mwashi anavyoutazama ukuta kwa timazi: beki mbili amezidi kushuka, beki tatu amepanda mno, kati kumeachwa mwanya.

Tena beki husema. Mabeki wa zamani wa Nairobi walicheza kwa sauti, na shabiki aliyesimama karibu na mstari alijua mchezo unakwenda wapi kwa kuwasikiliza tu. "Mtu nyuma!" ilimwonya kiungo kabla hajageuka. "Wangu!" ilimaliza ubishi kati ya stopa na kipa wakati mpira wa juu ungali hewani. "Toka!" iliipandisha safu nzima kwa pamoja, na mshambuliaji aliyekuwa akijipumzisha mbele ya goli akajikuta ameotea. Sauti hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Kijana mwenye mbio na nguvu lakini asiyesema hakupewa jezi namba tano hata angekuwa hodari kiasi gani, maana aliyeivaa alikuwa akiwaangalizia mgongo watu tisa.

Somo hilo halikuwa na kitabu. Upande wa magharibi wa jiji, katika viwanja vya udongo mwekundu vya Kabiria, Satellite, Kawangware na Waithaka, mwalimu wa kwanza wa beki alikuwa uwanja wenyewe. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka ikawa ngumu, na kijiwe kidogo hutosha kuubadilishia mpira njia. Anayeukimbilia kwa pupa huachwa, anayesubiri mdundo wa pili huupata. Masika yakishuka, udongo huohuo hugeuka matope yanayoushika mpira, pasi hufia njiani, na beki hujifunza kutoka kwenye safu yake mapema kuuwahi ulipokwama. Mwalimu wa pili alikuwa mchezaji mkubwa. Kijana aliwekwa kando ya mtu aliyemzidi miaka kumi, akawa anaitwa, anasukumwa, anakemewa mbele ya watu, na baada ya misimu miwili mitatu akaanza yeye kuita wengine.

Huko ndiko ufundi ulikoanza kumomonyoka. Nafasi nyingi za wazi upande huo wa jiji zimegeuka nyumba za kupangisha, na mtoto wa Kabiria hucheza kwenye vichochoro, ambako mabeki hawana safu ya kupanga wala mshambuliaji hana mahali pa kuotea. Kichochoro humlea mpiga chenga mzuri sana. Beki hakimlei, kwa kuwa beki huhitaji upana wa uwanja mzima ili ajue umbali ni kitu gani.

Otieno hakuwa wa kwanza katika ukoo huu wa ulinzi. Kabla yake palikuwa na Jonathan Niva, beki wa klabu ya Abaluhya aliyeiongoza Kenya katika fainali zake za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Kamerun mwaka 1972. Miaka ya 1980 ilikuwa na Bobby Ogolla wa Gor Mahia na Josephat Murila wa AFC Leopards, mahasimu wakubwa wikendi ya ligi, na ndugu wa safu moja taifa lilipowaita. Hiyo ndiyo enzi ambayo Kenya ilichukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Mwaka 1987 alikuwapo Austin Oduor, yule aliyeitwa Makamu, nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Mandela, lile la washindi wa makombe barani Afrika. Gor walitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1-1 Kasarani, na kombe likabaki Nairobi kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Watu husimulia mabao ya fainali hiyo. Wachache hukumbuka kwamba bao moja zaidi la Watunisia siku ile lingelipeleka kombe kwao, na kwamba kazi ya kulizuia ilikuwa ya Makamu na wenzake.

Usahaulifu huu ni wa siku nyingi. Kila Mkenya wa umri fulani anayo masikioni sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikitangaza redioni, "Kadenge na mpira," na mshambuliaji Joe Kadenge alistahili kila herufi ya sifa hiyo. Lakini hakuna beki wa Kenya ambaye jina lake limeingia katika usemi wa watu kwa namna hiyo. Redio ilifuata mpira, na mpira ukifika kwa beki mzuri haukai. Huondoka kabla mtangazaji hajavuta pumzi.

Otieno aliingia timu ya taifa wakati sheria zenyewe zilikuwa zinamgeukia beki. Mwaka 1990 mshambuliaji aliyelingana na beki wa mwisho aliacha kuhesabiwa kuwa ameotea. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu, na maficho ya zamani yakafungwa siku moja. Kuelekea Kombe la Dunia la 1998, marefa waliagizwa kutoa kadi nyekundu kwa anayemkwatua mpinzani kutoka nyuma. Mabeki wengi waliokuwa wakiishi kwa vitisho na nguvu za goti walikwisha katika muongo huo. Waliobaki ni wale waliojua kusimama, kusoma na kusema. Mtu hadumu katikati ya ulinzi hadi umri wa miaka 35, kama alivyodumu Otieno, kwa mbio peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alihamia Cape Town kuichezea Santos, klabu iliyokulia katika soka iliyoukataa ubaguzi wa rangi na ambayo mashabiki wake huiita timu ya wananchi. Hapo alikaa zaidi ya muongo mmoja, jambo la nadra kwa mchezaji wa kigeni mahali popote. Katika msimu wa 2001-02, chini ya kocha Gordon Igesund, Santos iliwapita vigogo wa Johannesburg wenye fedha na mashabiki wengi kuliko yenyewe, ikatwaa ubingwa wa Afrika Kusini, ubingwa pekee wa ligi kuu katika historia yake. Baadaye Otieno alikwenda pia Marekani kwa muda, kuichezea Cleveland City Stars.

Kilele cha maisha yake ya soka kwa upande wa nyumbani kilikuwa Tunisia, Januari na Februari 2004. Kenya haikuwa imefika fainali za Afrika tangu 1992. Kilichoipeleka huko ni bao la Dennis Oliech dhidi ya Cape Verde mjini Nairobi, Julai 2003. Oliech ni kijana wa Dagoretti, aliyepitia Dagoretti Santos, na upande huo wa jiji bado humhesabu kuwa wake. Katika kikosi cha kocha Jacob "Ghost" Mulee, kijana wa Santos ya Dagoretti akawa mbele na nahodha aliyetoka Santos ya Cape Town akawa nyuma.

Fainali zilianza vibaya. Mali waliichapa Kenya 3-1, na bao la Titus Mulama likabaki faraja ndogo. Senegal waliifunga 3-0, na mabao yote matatu yaliingia kipindi cha kwanza. Timu iliyofungwa sita katika mechi mbili, na ambayo haina tena nafasi ya kusonga mbele, kwa kawaida hufungwa na ya tatu, kwa kuwa mabeki ndio wa kwanza kukata tamaa. Wao ndio waliouokota mpira wavuni kila mara, na lawama yote ni yao. Safu ya Otieno haikukata tamaa. Tarehe 2 Februari, mjini Bizerte, Burkina Faso walishindwa kupata hata bao moja, na Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza wakafunga matatu kipindi cha pili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo, miaka 32 baada ya Niva na wenzake kwenda Kamerun. Katika simulizi za siku ile mabao matatu hutajwa na wafungaji wake. Sifuri ya upande wa pili hutajwa kama tarakimu tu.

Neema hiyo haikutunzwa. Miezi michache baadaye, katikati ya 2004, FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya migogoro ya uongozi wa soka na serikali kuingilia kati, ikaifungia tena mwaka 2006, na tena mwaka 2022. Nahodha aliyetumia maisha yake kupanga watu kumi wasivunje mstari aliishi kuona waliokuwa ofisini wakishindwa kupanga hata kikao. Kenya ilirudi katika fainali za Afrika 2019 nchini Misri, miaka 15 baada ya Bizerte, wakati Otieno amekwisha kustaafu na kujitia katika ukocha na katika wakfu wenye jina lake unaowalea wanasoka chipukizi.

Kwamba ufundi wenyewe haujafa kulionekana Kasarani Agosti 2025, katika fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za nyumbani. Kocha alikuwa Benni McCarthy, mwana wa Cape Town, na nahodha alikuwa beki, Abud Omar. Dhidi ya Moroko, Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na wachezaji kumi wakailinda 1-0 kipindi kizima cha pili mbele ya timu ambayo hatimaye ndiyo iliyolitwaa kombe. Katika mechi tano Kenya ilifungwa mabao mawili tu, ikatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Siku zilizofuata, jina lililoimbwa mitaani lilikuwa la Ogam. Zile dakika 45 za watu kumi hazina jina wala nyimbo.

Ufundi unaofundishwa kwa mdomo huishi kwa muda ule tu ambao aliyeujua anasimama kando ya asiyeujua, uwanjani, akimwita kwa jina. Jiji linalouza viwanja vyake linauza pia mahali pa kusimama hapo. Na nchi inayohesabu mabao ya kufunga peke yake isishangae, siku moja, ikiwatafuta watu wa kuyazuia na kukosa hata anayejua kazi hiyo ilikuwa ikifanywaje.