Kabla ya Kushika Bisibisi

Jirani yangu ni mwalimu. Aliniletea laptopu aliyoinunua ikiwa imetumika. "Kaka, simu yangu na hii mashine zinatumia ruta moja. Simu inakamata vizuri, hii inakatika kila nikianza kufundisha mtandaoni."

Nusu ya jibu ilikuwa kwenye malalamiko yenyewe. Kama simu inakaa sawa palepale mezani, huenda kosa si la ruta. Nilipochungulia orodha ya vifaa kwenye Windows nikakuta kadi ya Wi-Fi ya kizazi cha nne, yenye mkondo mmoja na bendi ya 2.4 GHz peke yake. Kwenye chaneli ya MHz 20, kadi ya aina hiyo haivuki Mbps 72 hata ukiiweka ubavuni mwa ruta. Ila kwake kasi haikuwa shida kubwa. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na yeye anaishi kwenye ghorofa ambamo kila nyumba ina ruta yake. Wote wanagombania chaneli hizohizo. Simu ilikuwa imeshahamia 5 GHz, laptopu haikuwa na pa kuhamia.

Wengi hapo hukimbilia dukani. Mimi hufungua mfuniko wa chini kwanza, kwa sababu kadi nzuri iliyonunuliwa kwa kukisia ni hasara. Nilizima mashine kabisa, nikachomoa waya wa betri kwenye ubao mama, kisha nikaitazama nafasi ya kadi. Ilikuwa ya M.2, ile ya kadi yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Ingekuwa mashine ya zamani zaidi ningekuta mini PCIe, ambayo kadi zake ni nyingine kabisa.

Umbo nalo hudanganya. Intel wana AX200 na AX201, na ukizilaza mezani hutaona tofauti ya maana. AX200 ni kadi kamili inayozungumza na mashine kupitia PCIe. AX201 imebeba sehemu ya redio tu. Kazi iliyobaki inategemea chipu za Intel zilizomo ndani ya laptopu yenyewe, kwa mfumo uitwao CNVi. Ukiichomeka kwenye mashine ya AMD, au ya Intel iliyotangulia mfumo huo, inaingia vizuri, skrubu inakaza, na kompyuta haioni kitu. Tarakimu moja hiyo imewapotezea watu pesa zao. Nilichukua AX200. Nilihakikisha pia kwamba BIOS ya mashine haina orodha ya kadi inazozikubali, maana zipo laptopu ambazo hukataa hata kuwaka zikikuta kadi ngeni.

Kilichonichukua muda mrefu ni antena. AX200 ina viunganishi viwili, lakini ndani ya laptopu hii nilikuta waya mmoja tu. Tena haikuwa na maana kuuamini waya huo, kwa kuwa mashine iliyotoka kiwandani na kadi ya 2.4 pekee inaweza kuwa na antena iliyokatwa kwa bendi hiyo peke yake. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 hivi, la 5 GHz kama sita au pungufu, na antena hukatwa kufuata wimbi. Kubadili kadi huku ukiacha antena isiyolingana nayo ni kumnunulia mtu viatu vipya na kumwacha na mguu uliovunjika. Nikanunua jozi ya antena za ndani za bendi mbili, zenye gundi mgongoni, nikazibandika kwenye plastiki za pembeni, kila moja upande wake, mbali na chuma na betri. Chuma huliakisi na kulizuia wimbi.

Viunganishi vya waya hizo ni vidogo kuliko punje ya mtama, na havikutengenezwa kwa kuchomolewa kila wiki. Nilikilenga kila kimoja kikae katikati, nikakibonyeza kwa ncha ya kidole hadi kikalia. Ukikibonyeza kikiwa upande, kinapinda na hakitashika tena.

Draiva nilikuwa nimeshaiweka kwenye fleshi kabla sijaitoa kadi ya zamani. Mashine isiyo na mtandao haiwezi kujipakulia draiva ya mtandao. Wi-Fi ikawaka. Bluetooth niliijaribu peke yake, kwa kuwa kwenye kadi hizi hupita njia ya USB na si PCIe, hivyo moja kufanya kazi hakuthibitishi nyingine.

Sebuleni, Windows ikaonyesha kiungo cha Mbps 866, ambacho ndicho kikomo cha ruta yake ya Wi-Fi 5 kwa mikondo miwili. Chumbani ikarudi 2.4, kwa kuwa ruta inatumia jina moja kwa bendi zote mbili na laptopu ilikuwa inachagua ile yenye nguvu zaidi. Niliingia kwenye mipangilio ya kadi, nikaiambia ipendelee 5 GHz. Kiungo kikashuka kidogo kwa sababu ya ukuta, lakini kikatulia. Jioni hiyo alifundisha saa nzima chumbani, mlango umefungwa.