Heko Wazalishaji wa Mbegu ya Alizeti Singida

Mafuta ya alizeti ya Singida yanasifiwa nchi nzima, lakini wanaozalisha mbegu hawatajwi. Nawapongeza hao: wakulima wanaozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana. Alizeti aina ya Rekodi huchavushwa na nyuki, na nyuki hana mpaka. Basi mkulima hutenga shamba lake mbali na alizeti nyingine; kisha, kabla maua hayajafunguka, hupita mstari kwa mstari aking'oa kila mmea wenye matawi au usiofanana na wenzake. Kung'oa mmea wenye afya, katika mkoa wenye mvua haba, kunataka moyo. Mtaalamu wa mbegu Vasily Pustovoit naye alichagua alizeti bora kule Urusi, akaongeza mafuta kwenye punje. Huyo alipewa nishani.