Kasino Ndogo, Mifuko ya Nani?

Jioni moja tulikuwa tumeketi Nyerere Square, mimi na rafiki yangu ambaye ni mstaafu kama mimi, tukitazama vijana wakipita. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, Dodoma sasa ni jiji. Jiji linahitaji kasino moja ya heshima, hata ndogo tu. Italeta kodi, ajira na wageni." Sikumjibu siku ile. Nimelifikiria jambo lenyewe kwa muda, na jibu langu ndilo hili.

Kwanza nikiri kwamba hoja zake si za kipuuzi. Kamari si kitu kipya katika nchi hii. Hata katika miaka ya 1970, tulipokuwa tukihubiri ujamaa na kujitegemea, tulikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa. Tangu mwaka 2003 tuna sheria ya michezo ya kubahatisha na Bodi ya kuisimamia. Wako wanaosema kwamba mchezo wenye leseni na msimamizi ni afadhali kuliko ule unaochezwa gizani nyuma ya kilabu cha pombe. Wanaosema hivyo wana haki ya kusikilizwa.

Lakini tuanze na hesabu. Katika kasino kuna gurudumu liitwalo ruleti. Lile la Kizungu lina namba 1 hadi 36, na sifuri moja, yaani vijumba 37. Ukiweka shilingi 1,000 juu ya namba moja ikatoka, unalipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yako. Sasa chukua mtu mwoga kabisa, asiyetaka kukosa, akaweka 1,000 juu ya kila namba. Ametoa 37,000. Gurudumu lisimame popote litakapo, atapokea 36,000. Ameshinda, na amepoteza 1,000! Hakuna aliyemwibia. Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Mchezaji mmoja anaweza kuondoka na furaha usiku mmoja, lakini wachezaji wote kwa jumla, mwaka hadi mwaka, lazima wapungukiwe. Kodi, mishahara ya wahudumu na faida ya mwenye nyumba hutoka katika upungufu huo.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: upungufu huo utatoka mfukoni mwa nani?

Miji ya kale iliwahi kulijibu swali hili. Venice, mji wa wafanyabiashara, uliruhusu nyumba ya kamari iitwayo Ridotto mwaka 1638. Mwaka 1774 Baraza Kuu la mji huohuo likaifunga, baada ya wakubwa wa mji wenyewe kufilisika mezani. Monaco walikuwa wajanja zaidi. Kasino yao ya Monte Carlo ina sifa dunia nzima, lakini raia wa Monaco haruhusiwi kucheza humo. Walielewa kwamba kasino hutajirisha mji pale tu anayepungukiwa anapokuwa mtu wa kwingine.

Je, Dodoma anayepungukiwa atakuwa nani? Mtalii anayeshuka nchini huelekea Serengeti, Ngorongoro au Zanzibar. Anayekuja Dodoma huja kwa Bunge, kwa mkutano, au kufuatilia faili wizarani, kisha hurudi kwake. Wanaobaki ni sisi: mtumishi wa serikali, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye fedha ya mkopo, mfanyabiashara wa zabibu na alizeti, kijana wa bodaboda. Kodi itakayokusanywa hapo itakuwa mshahara uleule ukirudi hazina kwa njia ya kuzunguka, na mwenye meza akiwa amekwisha kata fungu lake.

Hapa siongei kwa nadharia. Mdogo wangu, anayelima upande wa Mpwapwa, aliuza alizeti ya msimu mzima. Fedha ilikuwa ya ada ya mwanawe. Njiani alisimama mahali penye lile sanduku la sarafu ambalo vijana huliita dubwi. Sanduku lile ni dogo kuliko kabati la vyombo. Alipofika nyumbani hakuwa na hata nauli ya kesho. Shemeji yangu hakupiga kelele. Alikwenda kukopa. Mtoto alichelewa muhula mzima. Mchuma janga hula na wa kwao.

Nilipomweleza rafiki yangu habari hizi, alinijibu, "Lakini kilimo cha Ugogo nacho si kamari? Mvua huja isije." Ni kweli kwamba mkulima wetu hubahatisha kila mwaka. Lakini mtama ukiota, ghala la jirani halipungui kwa sababu langu limejaa. Tena mkoa huu ulishaona kubahatisha kwa serikali. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Walileta matrekta kabla ya kuijua mvua wala udongo, ambao jua likiwaka hukauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulikufa, na mamilioni ya pauni yakapotea. Hata hivyo, hasara ile kubwa iliwaangukia walipa kodi wa Uingereza. Hasara ya kasino ndogo itatuangukia sisi.

Basi rafiki yangu, sikupingi kwa ajili ya kupinga. Anayetaka kuleta kasino mjini kwetu aeleze hadharani, kabla ya kupewa leseni, ni nani atakayekaa mezani na fedha yake inatoka wapi. Akikuta kwamba ni wageni, aweke sharti la Monaco mlangoni, nami nitanyamaza. Kama hawezi kuweka sharti hilo kwa kuwa meza zitabaki tupu, atakuwa ametujibu.