Kipeperushi kilichosahau tanga: je, injini mseto inazifaa mashua zetu?

Jumamosi jioni nilikuwa nimekaa barazani kwetu Magomeni Mapipa, akaja mzee mmoja jirani yetu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ana mashua ya tanga yenye injini ya dizeli, inabeba mizigo kati ya Dar na Unguja. Baada ya shikamoo na marahaba akaninyooshea ile karatasi. "Kijana wangu, wewe si unasoma mambo ya umeme huko chuoni? Hebu nisomee hii, uniambie kama ni kweli."

Kilikuwa kipeperushi alichopewa na muuzaji mmoja wa vifaa vya umeme Kariakoo, kinachotangaza mfumo mseto wa dizeli na umeme kwa ajili ya boti. Kina ahadi tatu: matumizi ya dizeli yatapungua kwa nusu, betri zitajichaji zenyewe safarini, na hii ni teknolojia ileile ya magari ya kisasa. Mzee alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa. Ndiyo maana nimeona nikichambue hapa, maana najua si yeye peke yake aliyepewa.

Gari linafunga breki, mashua haifungi

Tuanze na ahadi ya tatu, kwa sababu ndiyo inayobeba zile nyingine. Toyota Prius ilipoingia sokoni Japani mwaka 1997, ujanja wake mkubwa ulikuwa kwenye foleni. Gari likipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo ingepotea kama joto la breki. Ukiijua barabara ya Morogoro saa kumi na mbili jioni, unaelewa faida yake.

Sasa mashua inafunga breki wapi? Ikitoka bandarini inakwenda mwendo uleule saa nane mfululizo. Maji yanakula nguvu yote, na hakuna cha kurudishwa. Kwa hiyo sababu kuu ya haibridi kuokoa mafuta barabarani haipo baharini.

Historia nayo inasema hivyo hivyo. Meli ya kwanza kuunganisha dizeli na umeme ni Vandal, meli ya mafuta iliyoanza kazi kwenye mto Volga, Urusi, mwaka 1903. Waliweka umeme katikati kwa sababu dizeli za wakati ule zilikuwa ngumu kugeuza mwendo na kurudi nyuma. Shida yao ilikuwa gia, haikuwa bei ya mafuta.

Hesabu ya LUKU

Ahadi ya kwanza: dizeli nusu. Tuipime kwa yuniti za LUKU, kila mtu anazijua. Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Lita moja ya dizeli ina takribani yuniti 10 ndani yake, lakini injini ndogo nzuri inatoa kama 3 tu kwenye shafti. Zilizobaki zinaondoka kama joto na moshi.

Tuseme mashua ya mzee inahitaji kilowati 6 kwenda maili 5 za baharini kwa saa. Dar hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini, yaani saa 8, yaani yuniti 48 kwenye shafti. Kwa dizeli ya moja kwa moja: lita 16.

Kipeperushi kinapendekeza dizeli izungushe jenereta, jenereta ichaji betri, betri iendeshe mota, mota izungushe propela. Kila hatua inakula chake: jenereta inapoteza kama asilimia 10, kontrola na mota zinapoteza tena kiasi kinachokaribia hicho. Mwisho wa safari lita 16 zimekuwa kama 20. Yaani umenunua mtambo wa mamilioni ili uchome mafuta zaidi!

"Basi tusiwashe dizeli kabisa, twende na betri tu," mzee akasema. Swali zuri. Kwa betri za lithiamu zinazodumu, safari hiyo inataka zaidi ya kilo 500 za betri. Kwa betri za asidi, zile ambazo hazipendi kushushwa chini ya nusu, unakaribia tani 3. Hapo mzigo wa mteja utakaa wapi?

Nikiwatendea haki wauzaji, kuna hali moja ambapo wanasema kweli. Injini kubwa iliyotolewa kwenye gari na kufungwa kwenye boti ndogo inafanya kazi kivivu, na dizeli inayofanya kazi kivivu inakula mafuta vibaya. Mseto unaweza kuifanya izunguke kwa mzigo unaoifaa, kisha izimwe. Lakini dawa ya bei nafuu zaidi ni injini ya ukubwa sahihi na propela inayolingana nayo.

Na kuna dawa nyingine ambayo haiuzwi dukani. Nguvu inayohitajika majini inapanda takribani kwa mchemraba wa mwendo. Punguza kutoka maili 5 hadi 4 kwa saa, nguvu inashuka hadi karibu nusu. Safari inakuwa saa 10 badala ya 8, lakini lita 16 zinakuwa kama 10. Huo ni uokoaji wa zaidi ya theluthi moja, bila kununua hata nati.

Umeme wa bure haupo

Ahadi ya pili, kujichaji, ina ukweli nusu. Mashua ikienda kwa tanga, maji yanaweza kuzungusha propela na mota ikawa jenereta. Ila propela hiyo inaikokota mashua nyuma. Kwa mwendo wa maili 5, kutegemea wati mia mbili au tatu ni matarajio ya busara. Kwa saa 8 hizo ni kama yuniti 2. Zinatosha taa, simu na redio, na kuongeza kidogo kwenye betri. Haziwezi kurudisha yuniti 48.

Lakini umeona hapo? Ili ujichaji, lazima tanga liwe juu. Nikakisoma kipeperushi mara ya pili, mbele na nyuma. Neno "tanga" halimo hata mara moja. Mashua kwenye picha yao ina mlingoti mtupu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mashua yenye tanga na dizeli tayari ni mseto. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 hadi 1939 na jahazi la Kuwait lililokuja hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti, bila injini yoyote. Injini ilipokuja ilitakiwa iwe msaidizi. Siku hizi kwa wengi tanga ndilo msaidizi, linakunjwa hata kusi likivuma vizuri kuelekea Unguja. Kisha EWURA ikitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, tunalalamika.

Mota ya umeme ina maana kama inalirudisha tanga kazini. Kutoka na kuingia bandarini kwa maili 3 kwa saa kunahitaji kilowati 1.3 tu. Betri ya lithiamu ya yuniti 10, uzito wa mtu mmoja mnene, inatosha kwa hilo na inabakisha akiba ya dharura. Matlai ikilegea, kilowati moja ya kusukuma inalifanya tanga lishike upepo tena badala ya kuwasha dizeli nzima. Dizeli ibaki kwenye shafti yake kwa siku za kaskazi, maana kwenda Unguja dhidi ya upepo ule si mchezo. Mota ifungwe pembeni ya shafti hiyohiyo kwa mkanda.

Hata huo mfumo mdogo una masharti. Kwa volti 48, kilowati 6 ni ampea 125. Kiungo kimoja kilicholegea au kilicholiwa na chumvi kinaweza kuwasha moto, na katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Kama fundi wa kukirekebisha yuko Kariakoo tu, nahodha aliyeko Mafia atafanyaje?

Nilimwandikia mzee maswali matatu ya kumpelekea muuzaji: kilowati ngapi kwa mwendo gani, yuniti ngapi zinazotumika kweli, na nani atakuja mfumo ukiharibika. Alirudi Jumatano. Muuzaji alijibu la kwanza kwa kusema "inategemea", mengine akayaruka.

Mkopo mzee hajauchukua. Ameagiza kitambaa cha tanga jipya.